Skuli Yetu Imefika Arubaini

Nimeombwa na wenzangu wa halmashauri niandike maneno machache juu ya jambo ambalo kwetu ni la furaha. Skuli yetu, iliyoanza hapa Mombasa mwaka 1986 katika vyumba viwili vya kuazima nyuma ya msikiti, imetimiza miaka 40. Nilidhani kazi hiyo ingenichukua jioni moja. Imenichukua majuma sita, na sababu yake ndiyo nitakayoieleza, ingawa sehemu yake moja ni ya kunitia haya.

Hesabu ya arubaini ina uzito wake kwetu. Mzazi huhesabiwa siku arubaini. Mwizi naye, wasema wazee, siku zake ni arubaini. Na juu ya hayo yote, Mtume wetu (s.a.w.) alishukiwa na wahyi katika pango la Hira naye ana umri wa miaka 40, na Qur'ani Tukufu, katika Suratul-Ahqaf, imeutaja umri huo kuwa ndio wa mtu kukamilika, ikatueleza jinsi mja mwema anavyomwomba Mola wake aufikapo. Huomba awezeshwe kuzishukuru neema alizopewa yeye na wazazi wake, huomba atende mema, huomba atengenezewe kizazi chake, kisha hutubia. Angalieni mpango wa dua hiyo: shukrani, matendo, watoto, na toba. Sikutazamia kuwa nami, katika kuandika habari za skuli, ningefuata njia hiyo hiyo mpaka mwisho wake.

Mwalimu wetu wa dini, ambaye hapendi kuacha jambo lipite bila ya kulisahihisha, alinikumbusha kuwa sherehe yetu imechelewa. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa yapata siku 11 kuliko mwaka wa jua; kwa hivyo kwa hesabu ya Kiislamu skuli ilitimiza miaka 40 zamani, na sasa imekwisha pita 41. "Arubaini yenyewe imepita, Maalim," akaniambia, "wala hapana aliyeiona." Tulicheka. Lakini neno lake lilinikaa, kwani nilikuja kuona kuwa yako mambo mengi katika skuli hii yaliyopita wala hapana aliyeyaona.

Naanza na shukrani, kama ipasavyo. Vijana wanaosoma leo hawawezi kujua hofu waliyokuwa nayo babu zetu juu ya skuli za kizungu. Walichelea kuwa mtoto akipelekwa huko atarudi na kalamu mfukoni na dini imemtoka. Wengi wakachagua chuo peke yake, na watoto wao wakaijua Qur'ani lakini wakashindwa kusoma barua ya serikali iliyohusu shamba lao wenyewe. Mwanachuoni wa mji huu, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki 1947, aliliona dhara hilo mapema. Katika gazeti lake la Al-Islah, alilolianzisha 1932, aliwahimiza Waislamu waamke na waishike elimu. Kisha mwaka 1951 kikafungua milango hapa Mombasa chuo kikubwa cha ufundi cha Waislamu, kilichojengwa kwa mali ya watu wengi, wakiwamo Aga Khan wa wakati huo na Sultani Khalifa bin Haroub wa Unguja. Chuo hicho kimebadilika jina mara kadhaa, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Waliotoa mali yao wamekwisha kufa, na vijana wangali wanaingia katika malango yale kila asubuhi.

Skuli yetu ni tone tu katika bahari hiyo. Walioianzisha walikuwa wafanyabiashara wadogo watatu, fundi seremala mmoja na mwalimu aliyestaafu, nao walitaka jambo moja: mtoto asilazimike kuchagua baina ya dini yake na dunia yake. Asubuhi hesabu na lugha, alasiri Qur'ani na fiqhi, chini ya paa moja. Fundi seremala alitengeneza madawati ya mwanzo kwa mbao za makasha yaliyotoka bandarini. Nayo kwa muda mrefu yalikuwa na maandishi ya kigeni ubavuni, na watoto wakijifunza kuyasoma kabla hawajajua maana yake. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia, na awape umri wenye kheri waliobaki.

Halmashauri ilipokutana kupanga sherehe, ilikubaliwa tujenge lango jipya lenye jina la skuli kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, tupike biriani, tualike wageni, na tuchapishe kijitabu chenye majina ya wanafunzi waliofanikiwa. Na wako, alhamdulillahi. Wako madaktari, yuko mhandisi wa meli, wako walimu wengi, yuko kadhi, na wako wafanyabiashara ambao zaka zao hazichelewi. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta majina hayo katika madaftari ya zamani.

Hapa yanipasa nirudi nyuma kidogo, mpaka mwezi wa Januari, skuli ilipofunguliwa. Alikuja ofisini mama mmoja wa makamo, amevaa buibui lililofifia rangi, akimwandikisha binti yake wa miaka 12. Nilimwambia kiasi cha karo cha muhula, na kwamba anaweza kulipa kwa mafungu. Akafungua mkoba wake, akatoa pesa zilizofungwa kwa mpira, noti nyingi ndogo ndogo, akahesabu za mwaka mzima. Nikamsifu, nikamwambia kuwa si lazima kulipa zote mara moja.

"Ni lazima kwangu, Maalim," akasema. "Nataka jina lake lisipigwe mstari."

Nilidhani ni namna yake ya kusema. Nikamwandikia risiti, nikamwombea dua mtoto, nao wakaenda zao. Majuma mengi baadaye, nilipofungua kasha la madaftari ambalo mchwa walikwisha kuanza kulila upande mmoja, ndipo nilipofahamu.

Katika madaftari yale, mwanafunzi aliyeondoka hupigwa mstari mwekundu juu ya jina lake, na pembeni huandikwa sababu: amehama, ameolewa, amefariki. Macho yangu yalikuwa yakitafuta majina ya waliofanikiwa, lakini mistari ile haikuniacha. Nikaanza kuihesabu. Nilihesabu majina 187 kwa miaka 40, na katika zaidi ya mia moja pembeni yake mlikuwa na neno moja tu: karo. Hata nilipofika daftari la 1998, kidato cha pili, nikaliona jina la yule mama. Mstari ulikuwa umenyooka, umepigwa kwa rula. Na mwandiko wa lile neno la pembeni ulikuwa wangu mwenyewe.

Nikakumbuka. Mwaka 1997, mwezi wa Agosti, zilizuka fujo Likoni. Watu waliuawa, wengi wakahama majumba yao, na watalii wakaacha kuja pwani. Mahoteli yakapunguza watu wao. Baba wa binti yule alikuwa mpishi katika hoteli moja upande wa kusini, akawa miongoni mwa walioachishwa kazi. Kisha zikaja zile mvua kubwa za El Niño zilizoendelea mpaka mwanzo wa 1998, na riziki zikazidi kuwa nzito. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimekabidhiwa skuli, na walimu walikuwa hawajalipwa miezi miwili. Nikatoa amri kuwa mwenye deni asiingie darasani. Siku ya kwanza walirudishwa majumbani watoto 19. Baada ya juma moja walirudi 11. Baada ya mwezi nikachukua rula na kalamu nyekundu.

Sitaki kujikosoa kwa uongo, maana hilo nalo ni aina ya majivuno. Karo ndiyo iliyokuwa chakula cha walimu, na mwalimu mwenye njaa hafundishi. Skuli isiyokusanya haki zake hufungwa, ikifungwa hupotea wote, aliyelipa na asiyelipa. Hayo nilijiambia wakati ule, na hata leo siyaoni kuwa ni uongo. Kosa langu halikuwa kudai. Kosa langu ni kuwa nilidai kwa karatasi. Nyumba ya watu wale ilikuwa ng'ambo ya kivuko tu, safari ya feri ya dakika chache, nami sikuvuka.

Safari hii nilivuka. Nilikwenda na mke wangu siku ya Ijumaa baada ya sala, tukaulizia mpaka tukaonyeshwa nyumba. Tulimkuta anashona, ana cherehani barazani, na alfajiri huuza mahamri na mbaazi. Alitukaribisha kwa heshima zote, akaleta mkeka na chai, wala hakuonyesha kushangaa. Nikamwambia nililolijia. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekupiga mstari. Nimekuja kukutaka radhi."

Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Maalim, nilijua ni wewe. Hata risiti ya mwanangu niliijua kwa mwandiko." Akaendelea kwa upole, "Baba yangu, Mungu amrehemu, hakukulaumu. Alisema skuli ina haki yake. Mimi sikulia kwa sababu ya karo. Nililia kwa sababu nilikaa mwezi mzima nikitazama njia, nikisema labda atakuja mtu kuuliza niko wapi, na hapana aliyekuja."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu kilichovikwa jalada la gazeti. Kilikuwa ni kitabu cha skuli cha elimu ya viumbe, kimeandikwa nambari yetu ubavuni. "Na mimi nina deni," akasema. "Hiki nilipaswa kukirudisha. Nilikuwa nikikisoma, na nilipofika sura ya moyo na damu hapana wa kuniuliza." Ameolewa akiwa na miaka 17, ana watoto wanne, na kwa miaka 28 kitabu kile kimekaa katika sanduku lake pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe. Alinisamehe, Mungu amlipe. Aliniuliza jambo moja tu kabla hatujaondoka: je, skuli haina darasa la watu wazima?

Ndugu zangu, nilirudi na feri ile hali nikiwa na kitabu mkononi, na njia nzima mke wangu hakunisemesha, kwani alijua. Siku arubaini za mwizi zilikuwa zimetimia, na aliyekamatwa ni mimi.

Juma lililofuata niliitisha halmashauri, nikawaeleza kisa hiki kama nilivyowaeleza ninyi, kisha nikawaomba lango liahirishwe. Mzee mmoja, ambaye ana haki kubwa juu ya skuli hii, alinipinga. Alisema kuwa mgeni huona lango kwanza, na kwamba watu hawatoi mali yao pasipo sura nzuri. Neno lake lina ukweli. Nikamjibu kuwa mtoto aliyerudishwa nyumbani naye huona lango hilo hilo, lakini yeye hulitazama kwa nje. Tukajadiliana mpaka magharibi. Mwisho tulikubaliana kuwa lango la zamani lipakwe rangi, biriani ipikwe kidogo, na fedha zilizokusanywa ziwe msingi wa mambo matatu, ambayo ndiyo mipango yetu ya miaka ijayo inshallah.

La kwanza ni wakfu. Sote twakijua kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi ya Khaybar iliyokuwa bora katika mali zake, akamwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri, akaelekezwa aizuie asili yake, isiuzwe wala isirithiwe, na matunda yake yagawiwe wenye haja. Hiyo ndiyo hekima ya wakfu: sadaka ya kawaida huliwa siku moja ikaisha, lakini wakfu hubaki ukizaa. Mji wetu wajua jambo hili, kwani ni nyumba ngapi na maduka mangapi yaliyowekwa wakfu na wazee kwa ajili ya misikiti! Misikiti yetu ina mafuta na mikeka, alhamdulillahi. Sasa tunataka kujenga maduka mawili katika kipande cha ardhi ya skuli kinachokabili barabara, yawe wakfu ulioandikwa kwa sheria, na kodi yake isitumike kwa lango wala kwa karamu wala kwa mshahara wa mkuu wa skuli, bali kwa karo ya mtoto ambaye mzazi wake ameanguka. Haitatosha watoto wote. Itatosha baadhi, na Mwenyezi Mungu huzidisha.

La pili ni kanuni, nayo haina gharama. Hapana jina litakalopigwa mstari kwa ajili ya karo mpaka walimu wawili wamefika nyumbani kwa mtoto, wamekaa na wazazi wake, na wameleta habari mbele ya halmashauri. Na akiondoka kwa sababu yoyote nyingine, awe ameolewa au amekwenda kufanya kazi, atatembelewa vile vile. Nimeiandika kanuni hii mwenyewe katika ukurasa wa mwanzo wa daftari jipya, ili atakayekuja baada yangu aione kabla hajaiona kalamu nyekundu.

La tatu ni darasa la alasiri kwa wanawake waliokatizwa masomo. Wamekwisha jiandikisha 14. Watasoma fiqhi ya nyumba na ibada, hesabu za biashara, lugha, na elimu ya viumbe. Huyu mama wa Likoni ndiye wa kwanza katika orodha, na kitabu chake nimemrudishia. Amekiandika jina lake ndani, kwani sasa ni chake.

Kabla sijamaliza nina neno kwa wazazi na neno kwa vijana. Enyi wazazi wenye uwezo, jueni kuwa karo mnayoichelewesha ilhali mnayo ndiyo inayomfukuza mtoto wa jirani asiyekuwa nayo. Skuli ikikosa haki yake kwa tajiri, hukaza kamba kwa maskini. Twatumia fedha nyingi katika arusi za siku tatu, tukaazima viti na taa na wapiga picha, kisha kwa mwalimu wa mtoto wetu tukaomba tungojewe. Na ninyi mlioanguka, msione haya. Njooni mseme mapema, kabla deni halijawa ukuta. Kuomba shauri si kuomba sadaka.

Na ninyi vijana mnaokaa leo katika madawati haya, kila mmoja wenu amekalia mahali pa mtu. Siku atakapokosekana mwenzenu darasani, msingoje mwalimu aulize. Vukeni ninyi, mkabishe hodi kwao.

Mimi umri umekwenda, na kwa majaaliwa yake Mola, mwakani nitakabidhi funguo kwa mwalimu ambaye alikuwa mwanafunzi katika skuli hii hii. Kijitabu cha sherehe kimekwisha kuchapishwa. Majina ya madaktari na wahandisi yamo, nao wanastahili. Lakini kurasa mbili za mwisho tumeziacha kwa yale majina 187, bila ya mstari na bila ya sababu, na chini yake tumeandika siku na saa za darasa la alasiri, na kwamba mlango u wazi. Ikiwa wewe usomaye haya ni mmoja wao, au wamjua mmoja wao popote alipo, mwambie kuwa skuli imemuuliza. Imechelewa, lakini imeuliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azikubali amali za waliotangulia, atusamehe tuliyoyafanya kwa kujua na kwa kutojua, na awatengeneze watoto wetu. Wabillahi tawfiq.